Sema Umepata Nafuu

Ban Nong Bua Kham,
2 Juni 1996

Mdogo wangu Sawaeng,

Mvua ya kwanza imenyesha na vyura wanapiga kelele mpaka mtu hasikii mawazo yake mwenyewe. Huku sote wazima. Nyati wetu wa kulimia amezaa dume. Sikukuu ya maroketi ya kuombea mvua imepita salama, ila roketi la upande wetu lilipanda kidogo, likageuka, likaangukia banda la nguruwe la mzee Kamon. Mafundi wakatupwa matopeni kama ilivyo desturi, na mkuu wa kijiji Bunma akarukia humo kabla hajasukumwa, mtu mzima yule! Ulikosa uhondo. Mwanao Prani anakusalimu. Anasema koti ulilomtumia limemkaa vizuri, lakini baba yake kukaa Taiwan kumemsahaulisha joto la kwao.

Sasa habari yenyewe. Hospitali ya wilaya amekuja daktari kutoka Khon Kaen, anaitwa Thirawat, mrefu, mpole, anakunja miguu mkekani kama mtu anayekunja kiti. Anataka kupima kama kukandwa kunawasaidia kweli watu wenye maumivu yasiyokwisha, au tunajifurahisha tu. Sisi wenye migongo na magoti mabovu tukakusanywa, tukachomoa vikaratasi kwenye kopo. Mwenye chekundu anakandwa kila wiki, mwenye cheupe anapewa vidonge. Halafu nesi Wanna anakuuliza: maumivu yako leo ni ngapi, kuanzia sifuri mpaka kumi?

Mimi nimepata chekundu. Na mkandaji ni nani? Prani wako! Daktari aliuliza kama kuna mgonjwa mwenye undugu na mkandaji. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Hapa nani hana undugu na mwenzake? Maskini, akaliacha swali lake.

Majibu yakiwa mazuri, hospitali itapewa nafasi ya mkandaji wa kudumu, na nafasi hiyo ni ya Prani. Ungemwona anavyokutanisha viganja na kuwaomba baraka walimu wake kabla hajamgusa mtu. Mama yake angekuwa hai angelia. Mimi nililia badala yake, kisha nikamwambia ni moshi wa jikoni.

Dada yako,
Lamduan


Taoyuan,
21 Juni 1996

Dada Lamduan,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Mimi mzima. Kiwandani tunatengeneza mabomba yaleyale, tunakula wali uleule usionata, na msimamizi wetu ni yuleyule mwenye sauti ya jogoo. Khamsing, yule wa Buriram anayelala kitanda cha juu yangu, amepata chupa ya samaki wa kuvundika kutoka kwao. Bweni zima limenuka, Wataiwani wamefungua madirisha, sisi tumelia kwa furaha.

Dada, habari ya Prani imenikosesha usingizi. Kwanza nilifurahi, halafu nikaanza kuogopa. Je, majibu yakiwa mabaya? Shangazi wa Malai, yule rafiki yake, ameshaniandikia kwamba Bangkok kuna kazi tele za kukanda, chumba bure na chakula bure. Wewe na mimi tunajua wasichana wanaokwenda huko wanaambiwa wamkande nani, saa ngapi, na mlango ukiwa umefungwa. 

Kwa hiyo nakuomba jambo moja, na usilifanye kubwa. Nesi akikuuliza, sema umepata nafuu. Hata kama ni kidogo, sema ni nyingi. Wewe ndiye uliyemlea tangu mama yake afe, wewe ndiye mama. Umembeba mgongoni, huo huo mgongo umsaidie mara moja tena.

Usimwambie kwamba nimeandika hivi.

Sawaeng


Ban Nong Bua Kham,
10 Julai 1996

Mdogo wangu,

Salamu za wote, na za nyati pia. Tuko katikati ya kupandikiza mpunga. Mwaka huu maji yamekaa vizuri shambani. Kipande chetu cha chini kimepandwa na Sai wa jirani pamoja na dada zake, mimi niliwapikia. Papai bichi nililotwanga lilikuwa na pilipili ya kuamsha wafu, Sai alikunywa mtungi mzima wa maji.

Umeniomba jambo kana kwamba mimi ni mtoto wa kufundishwa. Nilikuwa nimeshalifanya kabla barua yako haijafika. Wanna anauliza pale pale mkekani, Prani ananawa mikono hatua mbili tu kutoka kwangu, jasho linamtoka, macho ameyainamisha. Sasa mimi, mtu niliyelelewa vizuri, nifungue kinywa niseme saba? Nimvunje mtoto moyo mbele ya watu? Nilisema nne. Wiki iliyofuata tatu. Juzi mbili.

Wala siko peke yangu. Mzee Kamon alisema goti lake ni moja, halafu alishuka ngazi kinyumenyume ameshika ukuta. Nani amwaibishe msichana aliyemkanda kwa mikono yake? Lakini wale wa vidonge, mwanangu wee! Wao wanasema nane, tisa, bila haya. Kidonge hakina mama wa kuudhika. Daktari Thirawat anaangalia hesabu zake anatabasamu peke yake. Prani amesikia minong'ono kwamba mambo yanakwenda vizuri, na siku hizi anaimba akifua nguo.

Siku ya ibada mtawa alipofika kwenye amri ya kutosema uongo, nilikohoa. Nikasikia Kamon naye anakohoa.

Usiwe na wasiwasi, nafasi ni yake.

Lamduan


Taoyuan,
1 Agosti 1996

Dada,

Natumaini mpunga umeshika. Huku kimbunga kimepita, kimeezua bati za ghala, sisi tumebaki salama, tulikaa gizani tukiimba nyimbo za kwetu mpaka majirani wakagonga ukuta.

Nimeshukuru sana kwa uliyoyafanya. Lakini nina swali, na nataka unijibu sawasawa. Kwa nini kipande cha chini kimepandwa na Sai? Tangu nizaliwe sijawahi kusikia wewe umemwachia mtu kipande cha chini. Mwaka ule ulipokuwa na homa ulipandikiza huku unatapika. Na hapo unaniambia eti umesema mbili!

Mgongo wako ni ngapi kwelikweli? Niambie mimi. Mimi si nesi.

Sawaeng


Ban Nong Bua Kham,
26 Agosti 1996

Mdogo wangu Sawaeng,

Nisamehe nimechelewa. Mvua, shughuli, na kalamu iliisha wino. Mwandiko umepinda kwa sababu naandika nimelala kifudifudi, ni vizuri zaidi hivyo.

Nyati mdogo anakua. Malai amekwenda Bangkok. Prani hakwenda, alimsindikiza tu mpaka kituoni.

Unauliza mgongo. Mgongo ni mgongo, nimeuzoea. Na nikwambie la kukufurahisha: siku hizi mguu wa kushoto hauumi kabisa! Ulivyokuwa unanichoma miaka yote hii, sasa kimya. Juzi nilikwenda hekaluni nikarudi na kandambili moja. Sai ndiye aliyeona. "Dada Lamduan, mguu mmoja uko wazi, umechubuka mpaka damu." Mimi sikusikia chochote. Tulicheka njia nzima, akanishika mkono maana nilikuwa nauburuta kidogo huo mguu.

Prani anaona misuli yangu imekaza, kwa hiyo amezidisha nguvu, anakandamiza pale chini kiunoni kwa kiwiko. Mwalimu wake alimfundisha akiona mtu ana ganzi asimguse mgongo, amwite daktari kwanza. Huniuliza kila mara, "Shangazi, una ganzi popote?" Nikisema ndiyo, nitatolewa kwenye kipimo, na hesabu zangu ndizo nzuri kuliko zote. Basi nasema sina.

Kuna jambo dogo la kike ambalo haya inanikataza kukuandikia. Chooni nakaa muda mrefu bila haja ndogo kutoka. Nimepunguza kunywa maji, imesaidia.

Kipimo kimebakiza wiki chache tu. Vumilia kama ninavyovumilia.

Lamduan


Taoyuan,
Jumatano 11 Septemba 1996

Dada,

Barua yako imefika leo. Sina salamu, utanisamehe.

Nilikuwa nasoma kwa sauti ile habari ya kandambili, nacheka. Khamsing hakucheka. Alishuka kitandani akaniuliza, "Amesema na choo pia?" Nikasoma chini, nikamwambia ndiyo. Akakaa sakafuni. Baba yake mdogo alianza hivyo hivyo: maumivu ya mguu yakaondoka, wote wakashukuru, kandambili ikawa inamvuka, mkojo ukakataa kutoka. Walipomfikisha hospitali walisema wamechelewa. Hadi leo anavutwa kwa kigari na mkewe.

Dada, mguu wako haujapona. Unakufa.

Na mtoto wangu anaukandamiza kwa kiwiko, kwa sababu wewe umemwambia huna ganzi, kwa sababu mimi nilikuomba udanganye. Ukipooza chini ya mikono yake, wataambiwa watu kwamba ni yeye. Yeye mwenyewe ataamini ni yeye, maisha yake yote. Nilikuwa nataka kumwokoa na Bangkok. Nimemtia wapi?

Barua hii itafika baada ya wiki mbili au zaidi, haina maana. Kesho naomba ruhusa, nikikataliwa natoka bila ruhusa. Nitampigia simu mkuu wa kijiji Bunma. Nakuandikia tu kwa sababu sitalala na lazima mikono niifanyishe kitu.

Sawaeng


Khon Kaen, wodi ya wanawake,
24 Septemba 1996

Sawaeng, mdogo wangu, mpumbavu mkubwa,

Nimepasuliwa. Niko hai. Naandika kwa penseli ya mgonjwa wa kitanda cha pili, ambaye anakoroma kuliko nyati wetu. Sasa tulia nikusimulie ulichokifanya, maana wewe ulikuwa kwenye simu, hukukiona.

Unamjua Bunma na kipaza sauti chake. Simu ya kijiji iko kwake, na mtu akipigiwa simu yeye hatumi mjumbe, anawasha mabomba yake ya kutangazia ya juu ya mnara na kutangaza. Alhamisi asubuhi nilikuwa barazani nimejilaza. Nikasikia: "Lamduan! Lamduan wa nyumba ya mnazi! Simu kutoka Taiwan, njoo!" Nitaendaje? Nilijaribu kusimama, mguu ukakunjika. Nikajilaza tena. Kumbe huko wewe umemwambia siwezi kutembea, na Bunma, badala ya kuzima ile mashine aje kwangu kama binadamu, akaamua kunifikishia ujumbe palepale, neno kwa neno, simu sikio moja, kipaza sauti mdomoni!

"Lamduan, Sawaeng anasema mguu wako unakufa. Anasema aache kudanganya. Nani? Aha, wewe Lamduan, uache kudanganya. Anasema una ganzi, na choo hakitoki... Sawaeng, kweli niseme na hili? Haya, choo hakitoki. Anasema ni yeye aliyekuomba useme umepata nafuu ili Prani apate kazi. Anasema Prani asikuguse mgongo. Prani, usimguse! Anasema uende hospitali leo, sasa hivi. Anasema... analia, jamani. Sawaeng analia."

Sokoni walisikia. Hekaluni walisikia, mtawa alikuwa katikati ya chakula. Wanaofanya kazi mashamba ya ng'ambo ya bwawa walisikia. Mimi nilijifunika mkeka usoni nikitamani ardhi ipasuke. Choo changu, Sawaeng! Wilaya nzima!

Prani alikuwa anatandika mikeka hospitali, upepo ulimpelekea kila neno. Wanna anasema Prani alisimama na mto mkononi mpaka tangazo likaisha, kisha akamwendea Daktari Thirawat na kumwambia, "Nipe gari." Alifika nyumbani pamoja na Wanna. Hakunisalimu. Alichukua sindano ya kufumia akaninyooshea wayo, akachoma. "Unasikia?" Nikamwangalia. Nikataka kusema ndiyo, unajua? Hata hapo. Akasema, "Shangazi, nakuomba." Nikasema sisikii.

Majirani walinifunga nyuzi nyeupe za baraka mikononi ndani ya gari linaondoka, wengine wanakimbia kando yake. Tulifika jioni, wakanipasua usiku uleule. Daktari mkuu alisema ningengoja wiki moja zaidi, basi. Mkojo umerudi. Kuhusu mguu wa kushoto, anasema hajui.

Nina hasira na wewe kiasi kwamba nikikuona nitakupiga kwa huo mguu mzima. Usiache kuniandikia.

Lamduan


Taoyuan,
12 Oktoba 1996

Dada yangu,

Mkojo umerudi! Nililitamka hilo kwa sauti mbele ya bweni zima, na watu wazima wakapiga makofi. Khamsing amekutumia salamu na chupa ndogo ya dawa ya kuchua, kisha akakumbuka, akasema usiitumie.

Nimekatwa mshahara wa siku za kutoroka kazini, si kitu. Sijutii kwamba umeaibika, dada, nisamehe. Ningekuwa na bomba la kutangazia Asia nzima ningelitumia.

Lakini Prani hanijibu. Nimemwandikia barua tatu. Nimemweleza kwamba nilifanya kwa kumpenda. Hakuna. Je, amekwenda Bangkok? Usinifiche tena, hata kama ni kwa wema. Kila nikisikia pikipiki ya posta moyo unapiga kama wa mwizi. Niambie yuko wapi, na anasema nini juu yangu.

Sawaeng


Ban Nong Bua Kham,
17 Novemba 1996

Mdogo wangu Sawaeng,

Niko nyumbani. Mpunga umekatwa, Sai na wenzake wamevuna na kipande cha chini pia. Natembea kwa fimbo mpaka kwenye mtungi na kurudi. Nyati mdogo amenipiga pembe fimbo ikaanguka, akashtuka kuliko mimi.

Prani hakwenda Bangkok. Yuko hapa, lakini kwa muda mrefu alikuwa kama hayupo. Nikueleze, maana ulitaka nisikufiche.

Baada ya lile tangazo lako watu waliona haya. Mzee Kamon alikwenda mwenyewe kwa Wanna akasema goti lake halijawahi kuwa moja, lilikuwa sita tangu mwanzo. Akafuatiwa na wengine, wamepanga mstari kana kwamba wanakwenda kuungama. Daktari Thirawat alisikiliza mpaka wa mwisho. Hakugomba. Alisema kosa ni lake, alimweka mtu aulize maumivu mbele ya mikono iliyokanda. Ameachana na hesabu zote. Mwakani ataanza upya wilaya nyingine, na waulizaji watakuwa wageni kabisa, wasiojua nani amekandwa na nani kameza vidonge. Kwa hiyo nafasi hapa haipo. Imekufa, Sawaeng, tuliiua kwa kuiokoa.

Prani hakulilia nafasi. Kilichomuuma ni kingine. Alisema, "Miezi yote hii nilikuwa nafikiri najifunza. Mtu akisema tatu, nakumbuka nilichomfanyia, nakirudia kwa mwingine. Sasa sijui. Kila nilichojua mlinipa kama peremende." Na juu yako alisema, "Baba hakuamini mikono yangu. Angeiamini asingeomba uongo."  Na wewe usijitie kuwa na jibu. Acha kumwandikia kwamba ulimpenda, hilo analijua. Ngoja. Ataandika akiwa tayari.

Daktari amemwomba ajiunge naye huko mwakani. Prani akamwambia atampa jibu akishaniuliza mimi jambo moja.

Jana alasiri alikuja, akaketi mkekani miguuni pangu.

"Shangazi, mikono yangu ilikusaidia?"

Sawaeng, nimezaa uongo mwingi mwaka huu, lakini ule ukweli ulikuwa mzito kuutoa kuliko yote. Nilimwambia: "Mgongo, hapana. Hata mara moja. Usingizi, ndiyo. Siku uliyonikanda nililala, kesho yake nikalala, halafu ikarudi vilevile."

 Alivitazama viganja vyake, nikakaribia kusema, "Lakini mwanangu, labda kidogo." Nikauma ulimi.

Akasema, "Asante." Akarudia, "Siku mbili," kama mtu anayepima kitambaa. "Kwa hiyo kuna kitu. Nitamwambia daktari naenda."

Kisha akakutanisha viganja akawaomba walimu wake, akauchukua mguu wangu wa kushoto, ule uliokufa, akauweka mapajani pake. Madaktari wamesema ukandwe polepole, na yeye ameruhusiwa. Akagusa kidole gumba.

"Hapa?"

"Sisikii kitu."

Akagusa wayo. "Hapa?"

"Hapana."

Akapanda kisigino, akapanda juu ya kifundo, kila mahali anauliza, kila mahali nasema hapana, na kila hapana nilikuwa namwangalia usoni naye ananiangalia. Hakuna aliyeinamisha macho. Akafika katikati ya muundi.

"Na hapa?"

"Hapo," nilimwambia. "Hapo nakusikia."

Dada yako,
Lamduan